Mwaka wa Bunduki ya Upepo

Habari za kifo cha Fundi Salehe zilinikuta nafua. Mjukuu wangu alipokea simu, akasikiliza, kisha akaniambia, "Bibi, wanasema fundi wa Chang'ombe amefariki," kana kwamba Chang'ombe haijapata kuwa na fundi mwingine. Kwangu mimi ni kweli haijapata. Nilijifuta mapovu, nikajitanda khanga, nikatoka Ipagala hadi kwake, na kabla sijamaliza kutoa pole nilishakabidhiwa kisu na karai la vitunguu, maana msibani mikono haiachwi ikae bure. Mama mmoja mnene aliyekuwa akichambua mchele alinitazama, akanitazama tena. "Wewe si ndiye Karani Kapoteza?" Nikamwambia ndiye. Wenzake wakacheka kile kicheko cha msibani cha kufunika mdomo kwa khanga. Jina langu ni Yustina, nimestaafu nikiwa mtu mzima mwenye heshima zangu, lakini kwa watu wa mtaa ule mimi ni Kapoteza mpaka siku wananizika. Nilikata vitunguu huku nalia, na nilivishukuru sana vitunguu vile, kwa sababu hakuna aliyeniuliza nalia nini.

Mwaka ninaoukumbuka ni mmoja katika ile miaka tuliyoiita ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali, na nimepanga chumba kwa Mama Ndahani, mjane wa Kigogo aliyekuwa na sauti ya kuita ng'ombe hata anapokuomba chumvi. Chumba changu kilikuwa na dirisha moja, na dirisha hilo lilitazama jiko lake la uani, kwa hiyo hapakuwa na neno lililosemwa jikoni nisilisikie, wala chakula kilichopikwa nisikijue kabla hakijaiva. Jioni ilikuwa ugali wa uwele na mlenda. Mlenda ulinishinda mwezi wa kwanza; nilikuwa nauvuta kwa tonge na wenyewe unanifuata mpaka kwenye gauni, watoto wa nyumba wanakufa kwa kucheka. Mwezi wa tatu nilikuwa nauulizia nikichelewa kurudi kazini. Leo nikila mlenda wa kununuliwa sokoni, umefungwa kwenye mfuko wa plastiki, nakumbuka moshi wa jiko lile na Mama Ndahani akisema, "Kula mwanangu, mtu mwembamba hapa Dodoma anachukuliwa na upepo," na siyo uongo, upepo wa mwezi wa nane kule si wa mchezo.

Mama Ndahani na majirani wanane walikuwa na mashamba ya zabibu yaliyopakana kule Nkuhungu, wakati Nkuhungu bado ina nafasi ya kulima. Walikuwa wameunda kikundi, wakanifanya karani wao kwa sababu mbili tu: naandika vizuri, na silipwi. Nilishika daftari la mikutano na funguo za stoo yao ndogo, na funguo zile niliziona kubwa kuliko cheo chochote cha ofisini kwetu. Zamani zabibu zao zilikuwa zinakwenda kusindikwa mvinyo, na huko hawakuchagua sana. Hata kichala kilichodonolewa kilipokelewa, maana mvinyo hauna macho. Ilipokuja ruksa wakaja wafanyabiashara kutoka Dar es Salaam na maboksi yao, wanataka zabibu za mezani. Hao walikiinua kila kichala, wakakizungusha juani, na wakiona tundu moja la mdomo wa ndege wanakirudisha chini kwa vidole viwili. Ndege walikuwa wale wale wa miaka yote, wale wa kijivu wenye mikia mirefu tunaowaita kuzumburu, wanaotambaa ndani ya matawi kama panya. Aliyebadilika alikuwa mnunuzi. Msimu uliotangulia Mama Ndahani alirudi nyumbani na zaidi ya nusu ya mavuno yake, akayamwaga uani, na kuku wakala zabibu siku tatu.

Walijaribu kila kitu. Walining'iniza makopo, wakasimamisha sanamu lililovaa koti la marehemu mume wa Mama Ndahani, na ndege wakalizoea sanamu wakawa wanalinyea begani. Siku aliyokwenda kulivua lile koti alilifua mara mbili, kisha akakaa kwenye kigoda chake jikoni, nami nikamsikia kupitia dirishani akimwambia jirani yake, "Mwezi wa nane wakinirudishia tena, nang'oa. Mizabibu ile tulipanda naye, lakini nang'oa yote." Hakusema kwa sauti ya kuita ng'ombe. Alisema taratibu, na mimi ndani nikaacha kupiga pasi.

Wazo la bunduki lililetwa na Mwalimu, mzee mstaafu aliyekuwa na shamba la mwisho upande wa korongo. Yeye alikuwa na bunduki ya upepo ya zamani, ya kukunja, ambayo kila risasi moja inabidi ulikunje bomba lote mpaka springi ikae. Tulijaribu wote. Ilihitaji kifua cha mbeba magunia, na ikifyatuka inaruka kiasi kwamba ndege ndiye mtu salama kuliko wote shambani. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyekiri kwamba haifai, akasema siku hizi kuna nyingine, za kujazwa upepo kabisa kabla ya kazi, hazirukiruki, hata mwanamke anaweza. "Hata mwanamke," Mama Ndahani akarudia, akimtazama juu mpaka chini. Mwalimu akaahidi kushughulikia kibali cha polisi, na akatupeleka kwa Bwana Karimu, mwenye duka karibu na soko, ambaye tangu ruksa ije alikuwa anauza chochote kinachoweza kuingia kwenye kontena. Alikuwa nazo mbili za aina hiyo. Alikubali tuzijaribu shambani Jumamosi, mbele yake, tuchague moja, na nyingine aipeleke Jumatatu inayofuata kwa mtu mwingine aliyekuwa anaisubiri.

Ya kwanza ilikuwa fupi, nyeusi, ina darubini juu na mtungi mnene chini ya bomba. Ukiishika unajiona mtu. Ilikuja imejazwa tayari, na hapo dukani, kwenye ua wa nyuma, ilitoboa kopo baada ya kopo bila kelele yoyote. Lakini ilikuwa inajazwa kwa mitungi ya wazamiaji wa baharini, na Dodoma mtu azamie wapi? Kompresa ya kujazia matairi haikuifikia hata kiunoni kwa nguvu iliyohitajika. Ya pili ilikuwa ndefu, kitako cha mti, haina darubini, inaingiza risasi moja moja, na ilikuja na pampu yake ya mkono, ya kusimama, mfano wa pampu ya baiskeli iliyokua ikaoa. Ilikuwa na geji ndogo ya kuonyesha upepo na kipakiti cha mipira ya akiba ya kuziba upepo. Wanaume wa kikundi hawakuitazama mara mbili. Mimi niliyekuwa sijui kitu niliijaza dukani pamoja na msaidizi wa Bwana Karimu siku ya Jumatatu, nikaandika geji inasoma wapi, nikarudi Jumanne baada ya kazi. Mshale ulikuwa pale pale. Nikaona hiyo ndiyo tabia ninayoitaka hata kwa mchumba, lakini sikusema, kwa sababu Fundi Salehe alishaipenda ile nyeusi.

Lazima nimweleze Fundi Salehe. Alikuwa Mrangi wa Kondoa, mchomeleaji, mrefu, mwenye mikono mikubwa yenye makovu madogo madogo ya cheche, na alikuwa na karakana mtaa wa pili kutoka kwetu na mistari kadhaa ya mizabibu kando ya Mama Ndahani. Alikuwa mtu wa utani, lakini mwaka ule utani ulikuwa umempungua. Alikuwa amekichomelea kikundi tangi la maji, na tangi likavuja sehemu tatu siku ya kwanza mbele ya watu wote, na kuanzia hapo kila mtu aliyemwona na ndoo alimwuliza kama ni yeye aliyeitengeneza. Alicheka nao, lakini mkewe, Bi Mwanaidi, alikuwa anatuambia jikoni kwamba chakula hakimalizi. Kwa hiyo aliposimama kwenye mkutano na kusema, "Ile nyeusi nitaijaza mimi, kwa mtungi wangu wa oksijeni, dakika moja tu," niliona jinsi shingo yake ilivyonyooka. Watu wakapiga makofi. Alitengeneza kiungio cha shaba, cha kuunganisha mtungi wake na bunduki, akakichonga kwa rafiki yake mwenye mashine ya kuchongea vyuma, akakisugua mpaka kikang'aa. Alhamisi alinikabidhi mkononi. "Weka stoo, Karani. Kikipotea hicho nimekwisha."

Mwalimu alikuwa amesafiri kwenda Mpwapwa kwenye msiba, na vitabu vya maelezo vya zile bunduki viliachwa kwangu kwa kuwa nilikuwa najua Kiingereza cha ofisini. Ijumaa, wakati wa chakula cha mchana, nikiwa na chapati na chai ya rangi, ndipo nilipofika ukurasa wa mwisho wa kile cha bunduki nyeusi. Palikuwa na alama ya hatari na maneno machache: isijazwe kamwe kwa oksijeni, kwa maana ikikutana na mafuta yaliyomo ndani yaweza kulipuka mikononi mwa mjazaji. Nilisoma mara tatu. Sikuimaliza chapati.

Nilitoka kazini mapema nikaenda moja kwa moja karakana. Palikuwa na wateja wanne wanasubiri geti, na wawili kati yao walikuwa wale wa utani wa tangi. "Shikamoo fundi." "Marahaba Karani, kiungio kiko salama?" Nikasema kiko salama, ila kitabu kinasema kuhusu oksijeni. Akavua miwani ya kuchomelea. "Kinasemaje?" Nikasema kinasema ni hatari. Mmoja wa wale wateja akadakia, "Fundi, hata kitabu kimesikia habari za tangi!" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Fundi Salehe hakucheka. Aliniambia, kwa sauti ya kutosha wote wasikie, "Karani, mitungi hii nimeanza kuishika wewe unanyonya. Upepo ni upepo, tena wangu ni safi kuliko huu tunaovuta hapa. Huyo aliyeandika kitabu amechomelea mageti mangapi?" Ningeweza kubishana. Leo ningebishana, nimekuwa mzee sina haya. Lakini nilikuwa binti wa kupanga, naye ni mtu niliyempa shikamoo dakika moja iliyopita, na mbele ya watu wale kumwambia mzee hujui ilikuwa sawa na kumvua nguo. Nilikunja ncha ya ule ukurasa, nikakiweka kitabu mezani pake, nikasema, "Basi nakuachia fundi, Mwalimu akirudi akusomee." Akakiwekea kopo la misumari juu.

Mtu atauliza, kwa nini sikumwambia Mama Ndahani? Kwa sababu Mama Ndahani angelisema bombani, kwenye foleni ya maji, na bombani ndiyo ilikuwa redio yetu, na kabla ya jua kuzama Fundi Salehe angekuwa mtu aliyeharibu tangi na sasa anataka kulipua watu. Nilikaa kitandani nikiangalia ile mikono yake akilini mwangu. Kisha nikaenda stoo na funguo zangu, nikachukua kile kiungio, nikaingia jikoni wakati mwenyewe ameenda kuteka maji, nikakitia kwenye debe la unga wa uwele, mkono umezama mpaka kiwiko. Nilipotoka mkono wangu ulikuwa mweupe, nikaufuta kwenye sketi ya kazini.

Jumamosi walikuja wote, hata watu wasio na shamba. Upepo ulikuwa unapuliza vumbi kutoka upande wa korongo, zabibu zimeanza kuiva, na kuzumburu wamejaa kwenye matawi wanatusikiliza. Mwalimu alishuka kwenye basi akaja na begi lake la safari. Fundi Salehe alikuja nyuma ya mkokoteni uliobeba mtungi, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, shati la Idi. Akanyoosha mkono bila hata kunitazama. "Karani, kiungio."

"Samahani fundi," nikasema. "Kimepotea."

Akageuka taratibu. "Kimepotea? Kitu nilichokupa mkononi?" Nikasema nimekitafuta stoo nzima sikukiona. "Mtoto wa watu," akasema, "umeniaibisha." Hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu angepaza. Bwana Karimu akatazama saa, akakumbusha kwamba Jumatatu bunduki moja inaondoka. Basi ikachukuliwa ile ndefu, ya pampu, kwa shingo upande. Mwanamume wa kwanza aliikanyaga pampu akaisukuma mara ishirini, akakaa chini akihema. Wa pili alifika thelathini, akasema ni mbovu. Hapo Mama Ndahani akajifunga khanga kiunoni, akashika ule mpini kwa mikono miwili, akaanza kushusha na kupandisha kwa uzito wa mwili, magoti yakikunjika kidogo, jinsi mtu anavyotwanga. Jirani yake akamwelewa mara moja. Wakawa wanapokezana, huyu akichoka yule anadaka mpini kabla haujatua, kama kwenye kinu, na wenzao wakaanzisha wimbo wa kutwangia uwele. Mshale wa geji ukapanda mpaka mahali pake kabla wimbo haujaisha. Mama Ndahani akamkabidhi Mwalimu bunduki akamwambia, "Haya, hata mwanamke amemaliza. Piga." Mwalimu akapiga, kopo likaruka, na kuzumburu wakaondoka wote kwa pamoja kuelekea mashamba ya watu wengine.

Hivyo ndivyo tulivyochagua, na tulichagua vizuri. Nimeulizwa na vijana wawili watatu tangu wakati ule, bunduki ya upepo ya kuanzia ni ipi, na huwa nawaambia waache kuuliza inapiga mbali kiasi gani, waulize keshokutwa asubuhi wataijaza kwa kitu gani. Ile yetu ilidumu miaka mingi kwa kubadilishiwa mipira tu. Mwezi ule wa nane maboksi ya Mama Ndahani yalipakiwa kwenye lori, na mfanyabiashara aliinua vichala vyake juani akavishusha ndani ya boksi, kimoja baada ya kingine, mama mwenyewe amesimama pembeni ameshika kiuno, machozi yanamtoka, anasingizia vumbi.

Mimi nilikuwa na sherehe yangu nyingine. Jioni ya Jumamosi ile ile Mama Ndahani aliniita akasema kwa upole, "Mwanangu, nipe funguo nikusaidie kuzishika." Upole ule uliniuma kuliko kofi. Watoto wakanitungia jina, na jina likatoka uani likaenda bombani. Jumanne nilipata nafasi ya kuingiza mkono kwenye debe la unga. Nilikoroga juu, nikakoroga chini. Hakikuwemo. Nikajua mtu katika nyumba ile amekiona, na wiki ile kila jioni nilikula nikimtazama Mama Ndahani, nikisubiri aseme. Hakusema. Na mimi nisingeweza kuuliza bila kukiri. Fundi Salehe naye hakunisemesha karibu mwezi mzima, kisha siku ya mkutano wa kufunga msimu akasimama, bila kuulizwa, akasema, "Mrudishieni Karani funguo zake. Anayejua kutunza hapa ni huyo." Watu wakaangua kicheko, nami nikaona ananidhihaki, nikainamisha kichwa juu ya daftari. Funguo nilirudishiwa. Baada ya hapo kila alipotoka Kondoa aliniletea chupa ya asali, anamkabidhi mtoto mlangoni na kuondoka. Nilihama, nikaolewa, nikajenga Ipagala, nikafiwa na mume. Asali iliendelea kuja. Nilidhani ananionea huruma. Siku nyingine, Mungu anisamehe, ilikuwa inaniudhi.

Basi juzi msibani, wanaume walipokwisha kurudi kutoka makaburini na sisi tumemaliza kuosha masufuria, Bi Mwanaidi aliagiza niitwe chumbani. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, nguo nyeupe za eda mwilini, amepungua. Alinishika mkono akaniketisha karibu. Kisha akatoa chini ya mto kitambaa kilichofungwa fundo, akakiweka kwenye kiganja changu. Kabla sijafungua nilijua kwa uzito wake. Shaba ilikuwa bado inang'aa; mtu alikuwa akiisugua.

"Mama Ndahani alikikuta kwenye unga Jumapili ile," akasema. "Akamletea mzee mwenyewe, akidhani watoto wamechezea. Mzee alikasirika, Karani, sijapata kumwona vile. Akasema binti yule ananifanyia makusudi. Sasa kile kitabu chako kilikuwa bado mezani, chini ya misumari, na ukurasa umekunjwa. Akaenda nacho kwa Mwalimu. Aliporudi hakula. Alikaa pale mlangoni anaangalia mikono yake, hivi na hivi."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Miaka yote ile, neno moja tu.

"Angekwambiaje? Ulimfichia aibu yake, naye akaona akikutamkia ataifichua. Akamwomba Mama Ndahani anyamaze, akamwomba na Mwalimu. Wote wamekwenda nayo kaburini." Akasikiliza wanawake uani, yule mama mnene alikuwa anahesabu sahani. "Mageti yote haya ya Chang'ombe, na hayo ya kwenu Ipagala, ameyachomelea baada ya mwaka ule. Wiki iliyopita, sauti imeshakuwa ndogo, akaniambia nikupe mkononi, nisitume mtu. Na akasema nikwambie, Karani hakupoteza kitu."

Kutoka uani yule mama mnene akaita, "Kapoteza! Visu vilikuwa vitano, naona vinne!" Bi Mwanaidi akanitazama, nami nikamtazama, na Mungu anajua, wajane wawili ndani ya chumba cha eda, tulicheka mpaka tukashikana. Kisha nikakifunga kile kitambaa fundo kama kilivyokuwa, nikakitia kifuani, nikatoka kwenda kumsaidia kutafuta kisu.